Uso wa Baba

Barazani hakuna aliyekuwa mkali kama Shekuwe. "Haya makampuni ya simu yanatuibia nyuso zetu," alifoka kila jioni, "na nyinyi mnayapa wenyewe kila mnapofungua simu kwa uso, hamna hata haya!"

Asubuhi ile baba yake alipofariki, namba ya shangazi, aliyepaswa kupewa habari, ilikuwa ndani ya simu ya marehemu tu, na hakuna aliyejua namba ya siri ya kuifungua. Ulibaki uso wa marehemu. Shekuwe akafunua shuka, akaielekeza simu. Ikakataa, maana macho yalikuwa yamefumbwa. Akalifumbua jicho moja kwa kidole gumba.

Mwosha maiti akaingia na ndoo ya maji. Alipoona, akageukia ukutani.

"Mwanangu, tumstiri kwanza."

Simu ya marehemu ikaita mkononi mwa Shekuwe. Alikuwa shangazi. Jicho la baba lilikuwa bado wazi.