Korongo na Kisima cha Mfalme

Enzi za Simba mfalme wa wafalme, kila sikukuu maofisa wake walimtungia shairi la sifa. Fisi akaimba kwamba maji ya kisima cha kasri ni asali tupu. Ikafika zamu ya Korongo, msomi aliyepata cheo kwa kufaulu mitihani:

"Kisima chako adhimu, maji yake yananuka;
Ayaitaye matamu, msiba wako ataka."

Simba akanguruma, akamfukuzia mbali, bwawani kwa vyura. Korongo hakununa. Aliwaongoza vyura kuchimba mifereji hadi maji yakatakata kama kioo, na wakipumzika akawafunza mashairi.

Mwaka haukuisha, Simba akashikwa na tumbo la kuhara. Akajikokota kutafuta maji safi mpaka bwawani, akanywa, akapata nafuu. Vyura, wasiomjua, wakamwimbia mgeni wao shairi walilolipenda kuliko yote: lilelile.

Simba akainamisha kichwa mbele ya Korongo. "Rudi barazani, Mwalimu."

"Nitarudi, Mtukufu. Ila sina shairi jingine."

"Ndilo ninalolitaka."

Fisi, aliyekuja nyuma ya mfalme, akadakia, "Hata mimi niliisikia ile harufu!"

"Wewe," akasema Simba, "nenda kanywe asali yako."