Mbegu za Katikati

Leo ndani ya mashine ya sumaku, ile inayopiga picha za matumbo ya watu, lilisimamishwa bomba la mbegu za haradali. Zuhena alizipepeta tangu asubuhi, asiache hata chembe ya chuma. Daktari Mlekwa alitaka kuona, kwa mbegu hizo, jinsi nafaka ya ghalani inavyotembea ndani kwa ndani.

"Njoo uone kazi yako, dada," alisema, akafungua tundu la chini la bomba.

Kwenye kioo cha kompyuta, mbegu za juu zilitulia kama uji uliopoa. Katikati, mstari mwembamba uliporomoka mbio.

"Mbona juu pametulia?"

"Hapo ndipo panapodanganya. Ukisimama katikati, umekwenda."

Zuhena alitazama saa ya ukutani. Saa sita ghala la mahindi hufunguliwa mdomo wa chini, na mumewe, Shebe, hupanda juu ya mahindi kuyasawazisha kwa fimbo ya chuma. Alijipapasa kiunoni. Simu ilikuwa nje, kwenye sanduku la kuachia vitu vya chuma. Akatoka mbio, akampigia.

"Uko wapi?"

"Juu ya mahindi. Ndiyo kwanza wamefungua."

"Baba Nuru, toka katikati. Shika ngazi."

Shebe alicheka. "Mama Nuru, miaka tisa nakanyaga hapa. Haya mahindi ni kama sakaf—"

Kicheko kikakoma. Simu haikukatika. Ndani yake mahindi yalichuruzika kama mvua ya mbali, kisha chuma kikalia mara moja, kama ngazi iliyoshikwa, au fimbo iliyoanguka.

Zuhena aliibana simu sikioni, akingoja chuma kilie tena.