Kabla ya King'ora cha Pili

King'ora cha kwanza kililia tukiwa mezani, nasi tukaganda kama sheria inavyotaka. Chini ya kilima chetu leza ilikuwa ikijiandaa kupiga bati jembamba kuliko utando wa buibui, chembe za ioni zichomoke na kugongana, wataalamu waone jinsi nyota zinazokufa zinavyopika dhahabu. Kishindo cha mguu mmoja kinatosha kuupotosha mwale. Ndiyo maana mji mzima hautwangi wala hautembei mpaka king'ora cha pili.

Mama mkwe alikuwa na tonge mdomoni. Nilimwona akishika koo. Macho yakamtoka, midomo ikageuka rangi. Binti yangu Mghoi alinitazama, viganja vyake vimetulia juu ya meza kama watoto wanavyofundishwa chekechea.

Nilisubiri king'ora. Hakikulia. Nikaruka, kiti kikaanguka, nikampiga mama mkwe mgongoni hadi tonge likatoka.

Mara kipaza sauti cha ukutani kikauliza kwa upole: "Kishindo kimetoka nyumba hii. Nani aliyeinuka?"

Nilikuwa nampangusa mate kidevuni. Alikuwa amening'ang'ania mkono, anahema.

"Nyamaza, Mama," nikamnong'oneza. "Nitasema ni paka."

"Paka hana uzito huo," akasema kwa sauti ya kukwaruza. Akauachia mkono wangu, akaugeukia ukuta.

"Ni mkaza mwanangu," akasema. "Mimi sikutikisika."