Mwana wa Paulina

Kila alipoitwa Deogratias, Gerald aliitika.

Alianza kuitika siku ya kwanza, alipopanda hadi Vidunda, kijiji cha mlimani, kutafuta maharage ya kwenda kuuza Mikumi. Alipiga hodi kwenye nyumba ya bibi mmoja asiyeona, jina lake Paulina. Bibi aliisikiliza sauti yake, kisha akasema, "Deogratias. Umerudi, mwanangu."

Gerald alitaka kumwambia amekosea. Lakini bibi alikuwa ameshamshika mkono, anamvuta ndani, na maishani mwake Gerald hakuwahi kuitwa mwanangu na mwanamke yeyote. Mama yake alifariki akimzaa.

"Nimerudi, mama," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, nikumalizie ile hadithi."

Gerald alikuwa na miaka hamsini na moja. Hoteli alikokuwa dereva wa watalii ilikuwa imefungwa, watoto walishajitegemea, naye alibaki mtu wa kukaa barazani kutazama malori yakipita barabara kuu. Mkewe, Yusta, alipomuuliza anawaza nini, alijibu "hakuna", na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtisha Yusta.

Hadithi ya Paulina ilihusu mwindaji ambaye, mvi zilipoanza kumwota, aliamka akakuta jina lake limemezwa na chatu. Akaingia msituni kulidai. Chatu akamuuliza, "Nikikurudishia, utalifanyia nini?" Mwindaji akakosa jibu.

Paulina akaishia hapo. "Njoo Jumamosi," alisema. "Siku nyingine usije, ninachoka."

Gerald alishuka mlima bila maharage. Wiki nzima swali la chatu halikumtoka kichwani, kana kwamba aliulizwa yeye.

Jumamosi akapanda tena, na nyingine iliyofuata. Agatha, jirani aliyekuwa akimpikia Paulina, alimkaribisha bila hata kuinua uso kutoka kwenye sufuria. "Karibu, Deo. Mama yuko ndani." Paulina alimpapasa uso kwanza, kuanzia paji hadi kidevu, ndipo akauliza, "Sisi tuliishia wapi?" Gerald akamkumbusha. Safari moja bibi alianzia mbele sana, mwindaji akiwa ameshavuka mto ambao Gerald hajawahi kuusikia. Alipoambiwa, alicheka, akasema ni uzee.

Nyumbani Mikumi, Yusta aliona mabadiliko. Mumewe alimsimulia habari za mwindaji wakichambua mboga, akawapigia simu wajukuu kuwaimbia wimbo wa chatu. Shamba walilokuwa wameliacha likawa pori likalimwa tena. Lakini kila Ijumaa alikuwa mtu wa kuhangaika, maana alijua kesho anakwenda kuitikia jina la mtu ambaye huenda yu hai. Paulina mwenyewe ndiye aliyekuwa akikumbushia jinsi Deogratias alivyoondoka kijana kwenda machimboni, asionekane tena.

"Unamdanganya mama wa watu," Yusta alimwambia. "Huyo mtoto akirudi akakukuta umekaa kwenye kiti chake, utamwambia nini?"

"Nitamweleza mama Jumamosi hii."

"Ulisema hivyo na ile iliyopita."

Jumamosi hiyo alimkuta Paulina amelala, pumzi zinakwenda kwa shida. Gerald alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, kuna jambo nataka kukwambia."

"Baadaye. Leo chatu anajibiwa." Akatafuta uso wake kwa vidole, akaupata. "Mwindaji alimwambia, 'Nirudishie jina langu, nipate kumwitikia anayeniita.' Basi. Chatu akafumbua mdomo."

Gerald alingoja aone kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Maneno aliyotoka nayo Mikumi hakuyasema, akashuka mlima akilia kama mtoto, na watu aliokutana nao njiani wakampisha bila kumuuliza.

Agatha alipiga simu siku chache baadaye. "Deo, mama ametutoka. Nakupigia wewe wa mwisho, yule mwenzako nimeshampata, yuko njiani."

Gerald alikaa chini. Mwenzake. "Mwenye jina amerudi," akamwambia Yusta.

"Usiende," Yusta akasema. "Watakuumbua mbele ya maiti."

"Kama kuna mtu wa kumwomba radhi, basi ni huyo."

Walikwenda wote wawili. Makaburini Gerald alisimama nyuma kabisa, akichungulia kila sura ya kiume, akitafuta pua ya Paulina, kidevu cha Paulina. Hakuviona. Jeneza likateremshwa. Wimbo ukaisha. Katekista akafunga kitabu chake, akawatazama waombolezaji.

"Deogratias," akaita. "Sogea umuage mama yako."

Yusta alimshika mumewe shati. Gerald akafumba macho. Alijiambia kwamba sasa mwenye jina atatoka, naye atabaki pale alipo, atainamisha kichwa, na mambo yataishia hapo. Akajaribu kusimama kimya. Hakuweza. Miguu ikaenda yenyewe, shati likamponyoka Yusta mkononi, na mdomo wake ukasema kwa sauti, "Naam."

Haikuwa sauti yake peke yake.

Alipofumbua macho, wanaume wengine watatu walikuwa wamefika ukingoni mwa kaburi: mmoja mwenye upara, mmoja aliyevaa ovaroli, mmoja akiegemea mkongojo. Wote wa rika lake, wote wakilia, na kila mmoja akiwatazama wenzake kwa hofu.

Katekista hakushangaa. Agatha alipita katikati yao na beleshi, akamkabidhi aliyekuwa karibu.

"Anza wewe, Deo," akasema. "Kisha umpe Deo wa Jumamosi."