M ya Mpole

"M iko wapi?"

Kaka wa marehemu aliinama juu ya jiwe la kaburi kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Jiwe lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili katikati ya karakana, limeoshwa, bado linachuruzika maji. Chini ya jina la mdogo wake na tarehe mbili, herufi zilikuwa zimechongwa zikanyooka: POLE KWA MKE NA WATOTO.

"Mimi niliandika mpole. Mpole kwa mke na watoto! Sasa hili jiwe linampa nani pole?"

Mkata mawe mmoja alikohoa ili kuficha kicheko.

Fundi mkuu alimgeukia msichana aliyesimama karibu na pipa la maji, macho chini, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Karakana nzima ilimwita Bubu. Kusema alijua, ila maneno yalimtoka kwa tabu kama msumari kwenye ubao mkavu. Lakini mkono wake ulipita mikono yote pale kwa kuchonga herufi, na kwa ajili ya mkono huo fundi alikuwa amefumbia macho mengi.

"Bubu, karatasi uliyopewa iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwa aproni yake, imekunjwa mara nne. Aliigusa kwa nje. Hakuitoa.

"Niliishia darasa la tano," alisema.

"Mmesikia wenyewe!" Kaka wa marehemu alipiga makofi. "Mnampa tindo mtu wa darasa la tano! Jumamosi ukoo mzima unakuja kuliona jiwe hili. Watanicheka mpaka jino la mwisho."

Kwenye benchi la mlangoni alikuwa amekaa mjane, mkoba mapajani, kitambaa cheusi kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Ndiye aliyetumwa kuileta karatasi ile juzi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Tangu waingie alikuwa hajafungua kinywa.

"Mtazameni shemeji yangu," kaka wa marehemu aliendelea. "Amefiwa, halafu anafanyiwa mzaha. Bahati yenu ni mtu mpole. Angekuwa mwingine, hapa pasingekalika."

Bubu alimtazama mjane.

Alipokuwa darasa la nne, asubuhi moja Mwalimu aliingia darasani na kitambaa kimeshushwa vilevile, jicho moja limevimba mpaka limefumba. Hakueleza kitu. Aliandika ubaoni POLE. "Hili ni neno mzazi," alisema. "Tunampa aliyeumia, tunampa aliyebeba mzigo." Kisha akaongeza M mbele yake. "Na huyu ni mtoto wake. Mpole ni mtu ambaye pole imemkaa moyoni. Kunyamaza tu si upole. Hata mlango hunyamaza."

Mtoto mmoja akauliza kama M ikifutwa neno litakufa.

"Halifi," Mwalimu alijibu. "Linarudi kwa mzazi wake."

Fundi mkuu alikuwa amepiga magoti, anapima jiwe kwa rula. Alipima kushoto, akapima kulia, akarudia. Nafasi zililingana kabisa.

"Ajabu," alinong'ona. "Aliyesahau herufi hawezi kuuweka mstari katikati namna hii." Alimwangalia Bubu kwa muda, kisha akainuka na kujipangusa magoti. "Haya. M nyembamba itaingia. Shika tindo, yaishe."

"Siichongi."

Mtu alizima msumeno.

"Umesemaje?"

"Siichongi, fundi. Nichongeshe kingine chochote, hata nyuma ya jiwe. M mbele ya neno hilo, sichongi."

Sentensi ndefu kama hiyo hawakuwahi kuisikia kutoka kwake. Mkata mawe aliyekohoa safari hii alisahau kukohoa.

"Anajibu!" kaka wa marehemu akang'aka. "Bubu wenu anajibu! Fundi, ama huyu atoke, ama mimi niende kwa jirani yako na nieleze kila mtu kwa nini nimehama."

Fundi alishusha pumzi. "Miaka minne nimekutetea, binti yangu. Leo sina la kusema. Vua aproni."

Bubu alifungua fundo. Aliitoa karatasi kwanza, akaifumbata, ndipo akaitundika aproni kwenye msumari wake.

"Leta hiyo karatasi!"

Aliurudisha mkono nyuma. "Si yako."

"Niliiandika mimi, kwa mkono wangu!"

"Na bado si yako. Nimeshafukuzwa, mzee. Utanifanya nini tena?"

"Nipe mimi."

Sauti ilitoka kwenye benchi. Mwalimu alikuwa amesimama. Alikuja taratibu mpaka kwenye jiwe, akanyoosha mkono, na Bubu akampa karatasi bila kusita. Mwalimu aliikunjua, akailaza juu ya jiwe lenye maji ili wote waione. M ya shemeji yake ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja mwekundu, ulionyooka, uliokolea.

Alifungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu. Akaisoma ile safu ya herufi kwenye jiwe toka mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza, kama alivyosoma madaftari yao zamani.

"Mwanafunzi wangu amenakili vizuri nilivyosahihisha," alisema. "Ila amesahau nukta."