Bila Mkono wa Mtu

Meneja Shigela alikohoa mara mbili, na umeme ukakatika kiwanda kizima.

"Pole sana, Bi Inger," alimwambia mgeni kwa Kiingereza. "Hii ndiyo Mwanza yetu. Ulikuwa umebakiza kubonyeza tu."

Mgeni alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Hakukasirika. Alisema angesubiri, akaweka mkoba wake sakafuni. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa bendeji nyembamba.

Hellen, karani wa ankara, aliinamisha macho. Naye alikuwa amefunga leso kwenye kifundo cha mkono, ila aliificha ndani ya sweta.

Bi Inger alitoka manispaa moja ya Ulaya ya kaskazini, iliyonunua minofu ya sangara kwa ajili ya hospitali na shule zake. Manispaa hiyo ilikuwa imeweka sharti: kila ankara ije kwa teleksi, ile mashine ya kutuma maandishi kwa waya wa simu, kwa mpangilio mmoja wa alama na namba, itoke kwenye kompyuta ya muuzaji na kupokelewa na kompyuta ya mnunuzi, bila mkono wa mtu katikati. Sasa alikuwa akiwazungukia wauzaji kuhakikisha. Asiye na mfumo huo angepoteza mkataba. Kwa kiwanda kile kidogo cha ufukweni, mkataba ukiondoka, akina mama wa kukata minofu wangeondoka nao, na Hellen angetangulia.

Kompyuta yenyewe iliungua Pasaka ya mwaka uliopita. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, mashine ikatoa moshi mwembamba na kunyamaza. Tangu siku hiyo Hellen aliandika ankara kwenye teleksi kwa vidole vyake, alama moja moja, kama ambavyo kompyuta ingefanya. Akikosea, kompyuta ya Ulaya ilimrudishia: MSTARI WA SABA HAUSOMEKI. RUDIA. Akipatia, ilijibu: IMEPOKEWA. JIBU HILI LIMETOLEWA NA KOMPYUTA. HALIKUGUSWA NA MKONO WA MTU.

"Kali hiyo," Okwach, fundi umeme, aliwahi kusema. "Haipitwi na kosa. Lakini mchana inakwenda kula."

Ni kweli, saa za chakula za kule haikujibu. Shigela alieleza kwamba wanaipumzisha isipate moto. Krismasi ilipofika ikamtumia Hellen salamu za heri. "Wameipangia," alisema Shigela. "Wenzetu hawasahau kitu."

Asubuhi ya siku hii ya ugeni, kabla Bi Inger hajafika, Shigela alikuwa amewapa maagizo. "Nikikohoa mara mbili, Okwach, shusha swichi kubwa. Mzungu gani atashangaa umeme kukatika Mwanza? Tutamlisha samaki, tutampeleka akaone jiwe la Bismarck, jioni anapanda ndege yake."

"Basi leo acha ugoro, bosi. Ukipiga chafya utanichanganya."

Wote walicheka. Hakuna aliyekumbuka kwamba swichi hiyo ndiyo iliyoendesha vyumba vya baridi.

Umeme ukiwa bado umekatika, Bi Inger alikunywa chai. Alikula sangara wa kukaanga, akamsifu mpishi, akachambua miiba bila haraka. Alipoambiwa habari za jiwe la Bismarck alitikisa kichwa.

"Nimetoka mbali kuja kuona mashine hii tu."

Okwach alichungulia mlangoni. "Bosi," alisema kwa Kiswahili, "samaki wameanza kutoa jasho."

"Umeme si wangu, bwana," Shigela alimjibu, huku akimtabasamia mgeni.

"Sawa. Na tani nne zilizomo humo si zako?"

Tabasamu la Shigela likafifia. Alitazama saa. Alimtazama mgeni, aliyekuwa akipuliza chai yake ya pili. Mwishowe akakohoa mara moja, kikohozi kirefu cha huzuni, ambacho hakikuwamo kwenye maagizo. Okwach akakielewa.

Mitambo ilinguruma. Teleksi iliyokuwa pembeni ikatikisika, taa yake ikawaka. Bi Inger akakunja kile kitambaa vizuri, akakiweka kando, akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena.

"Huwa inachelewa kuamka," alisema Shigela.

Hellen alisimama. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo:

"Haitaamka, mama. Ilikufa Pasaka ya mwaka jana. Ankara zote naandika mimi, kwenye teleksi ile pale. Meneja alificha ili watu wasikose kazi."

Akavuta juu mkono wa sweta. Leso ikaonekana, imefungwa mafundo mawili.

Shigela alifumba macho. Okwach, pale mlangoni, alivua kofia kama mtu aliyeingia msibani.

Bi Inger aliitazama leso ile kwa muda. Kisha akamtazama Hellen usoni, kama mtu anayelinganisha sura na maandishi aliyoyazoea.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu.

Aliinuka, akaenda kwenye teleksi, akavuta kiti. Alikaza bendeji yake, akanyoosha vidole, akaanza kuandika kwa kasi huku macho yake yakiwa dirishani, yakitazama ziwa. Hellen akasogea, akainama kusoma karatasi iliyokuwa ikipanda.

IMEPOKEWA. JIBU HILI LIMETOLEWA NA KOMPYUTA. HALIKUGUSWA NA MKONO WA MTU.