Kiwavi Katika Chumba cha Udongo

Kiwavi alimwogopa ndege hata kivuli cha jani kikamtetemesha. Akamwendea Nyigu, fundi wa vyumba vya udongo, akaomba hifadhi.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” alisema Nyigu. “Humu ndege haingii. Ila usitetemeke, ukuta ungali mbichi.”

Akamdunga mwiba mmoja. Kiwavi akafa ganzi mwili mzima, akabaki na mdomo tu. Nyigu akaanza kuziba mlango.

“Mama Nyigu, kile kinachoning’inia darini ni nini?”

“Yai langu. Mwanangu huzaliwa na njaa,” alijibu Nyigu, akipachika tonge la mwisho la udongo. “Wala usimhofu ndege. Mwanangu hali chakula chake na mtu.”

Mlango ukazibika. Mle gizani, Kiwavi akaanza kumwita ndege.